Mtungi wa Kindi na Majina ya Wakubwa

Hapo kale sana, wanangu, wanyama walikuwa na vyuo vyao kama sisi tulivyo na vyetu. Kimoja kilikuwa Chuo cha Ufundi cha Bondeni. Walimu wake walikuwa na kazi mbili: asubuhi kusomesha, mchana kutafiti. Na utafiti wenyewe haukuwa wa mchezo. Ulitakiwa uwafae wanakijiji: jiko lisilojaza moshi jikoni, daraja lisilosombwa na mafuriko, mambo kama hayo.

Chuo kilikuwa na sheria yake. Mwalimu ambaye jina lake halikuonekana juu ya utafiti wowote kwa misimu miwili alifungasha virago akaenda zake. Ukiitazama, ni sheria nzuri. Lakini ilikuwa na tundu, na tundu hilo Fisi aliliona kabla ya wengine wote.

Fisi alikuwa profesa. Alikuwa na miwani, koti refu na sauti nene, na jina lake lilikuwa juu ya kila kitu. Jiko alilolibuni Nungunungu lilikuwa na jina la Fisi. Pampu ya Chura ilikuwa na jina la Fisi. Baada ya jina la Fisi lilikuja la rafiki yake, Daktari Kiboko, aliyeshika funguo za maabara. Wale waliofanya kazi yenyewe walitajwa ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, penye shukrani.

Sasa, chuoni hapo kulikuwa na mwalimu mmoja aliyeitwa Kindi. Alikuwa mdogo kuliko wote, mdogo wa umbo na mdogo wa cheo. Msimu uliopita alitafiti kamba za katani, na kazi ile ikaenda na Fisi. Msimu huu alikuwa anatafiti mahindi.

Mahindi hayo yalianza na Mama Kanga. Mama Kanga alikuwa na watoto wengi na ghala moja. Siku moja Kindi alipita kumsalimia, akamkuta amekaa mlangoni na ungo mapajani.

"Mama Kanga, habari za hapa?"

"Nzuri tu, mwanangu. Tazama mwenyewe."

Kindi akatazama. Ndani ya ungo hamkuwa na mahindi. Mlikuwa na vumbi jeupe, maganda, na fukusi weusi wakitambaa, tiki tiki tiki.

"Tulivuna ghala zima," alisema Mama Kanga. "Fukusi wamekula kabla yetu. Hawa watoto leo watalala na uji wa maganda."

Kindi alirudi chuoni na konzi moja ya mahindi yaliyotobolewa kutoka ghalani, akaanza kazi.

Alijaribu majivu. Fukusi wakapiga chafya, wakaendelea kula. Alijaribu pilipili, wakaendelea kula. Kisha akafikiri: huyu fukusi ni mdogo, lakini naye anavuta pumzi kama mimi. Nikimnyima hewa, atafanyaje?

Akatafuta mtungi wa udongo, akaupaka nta ya nyuki ndani na nje ili usipitishe hewa. Akajaza mahindi makavu, akasimamisha mshumaa mdogo juu yake, akauwasha, akafunika mtungi na kuuziba mdomo kwa nta. Ule mshumaa ukawaka humo ndani, ukala hewa yote, ukazimika wenyewe, fyuu. Mitungi ya mwanzo ilivuja. Mmoja ulipasuka. Lakini Kindi hakuchoka, na mwishowe alipofungua mtungi mmoja alikuta mahindi mazima na fukusi wote wamekufa.

Akala konzi moja, akasubiri siku kadhaa. Akala nyingine. Hakuumwa hata kichwa. Basi akaketi akaandika ripoti yake yote, kurasa kwa kurasa, akaipeleka ikapigwe chapa; na kila ripoti, kabla ya chapa, ilipitia kwa Fisi.

Ilipotoka, aliikuta imebandikwa ubaoni. Juu kabisa: Profesa Fisi. Chini yake: Daktari Kiboko. Kindi akafunua mpaka ukurasa wa mwisho. Aliposoma hapo, masikio yake yalianguka. Palikuwa pameandikwa: "Tunamshukuru pia Kindi kwa kuchukua mahindi kutoka kijijini."

Akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya Fisi. Kiboko naye alikuwamo, amejaa kwenye kiti mpaka kiti hakionekani.

"Profesa, shikamoo. Daktari, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Fisi. "Kaa."

"Nitasimama tu. Profesa, ile kazi ya mtungi ni yangu."

"Nani amekataa? Lakini utafiti usio na jina kubwa nani atausoma? Mimi nimekukopesha jina langu. Ulitakiwa uje hapa kunishukuru."

"Na mitungi ilikaa kwenye maabara yangu," alisema Kiboko. "Kivuli kile ni changu."

"Msimu uliopita mlichukua kamba zangu," alisema Kindi. "Mkichukua na hii, mimi sina kazi hapa."

Fisi akavua miwani, akaifuta taratibu. "Wewe bado kijana. Utapata kazi mahali pengine. Funga mlango ukitoka, kuna upepo."

Kindi akaufunga mlango. Alisimama barazani. Alitaka kulia, lakini alikumbuka kwamba bado hajazungumza na Mkuu wa Chuo.

Mkuu wa Chuo alikuwa Tembo. Tembo hakuwa mbaya. Alikuwa na shughuli nyingi, na alipenda mambo yaliyonyooka. Alimsikiliza Kindi mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini nikiwaita, watasema ni yao, nawe utasema ni yako. Wao wawili, wewe mmoja. Mimi nafuata majina yaliyoandikwa. Labda wao wenyewe waseme mbele za watu kwamba si yao. Hapo nitafuta majina yao papo hapo."

"Wao wenyewe waseme," alirudia Kindi.

"Ndiyo. Lakini sioni kwa nini wafanye hivyo."

Kindi naye hakuona. Alishukuru, akaelekea mlangoni. Alipofika kizingitini akasimama. Hivi wale wawili waliisoma ripoti kweli? Alikumbuka meza ya Fisi: ripoti ilikuwa pale, na juu yake kikombe cha chai. Akageuka.

"Mheshimiwa Mkuu, nina jambo jingine dogo. Siku ya maonyesho wanakijiji watakuja kuona mahindi haya. Wataaminije kuwa yanalika?"

"Swali zuri. Wataaminije?"

"Naona wanaotajwa juu ya ripoti wayale kwanza, mbele ya watu wote. Aliyeifanya kazi hawezi kuogopa kazi yake."

Tembo alipiga mkonga wake mezani, pu. "Hilo limenyooka. Nitalitangaza leo hii."

Na kweli akalitangaza. Fisi aliposikia alicheka mpaka miwani ikamwanguka. "Kula? Mimi nakula mifupa mikavu, nitashindwa na mahindi?" Kiboko alisema yeye hata kifungua kinywa siku hiyo hatakula, ili abakize nafasi.

Siku ya maonyesho, uwanja wa chuo ulijaa. Mama Kanga alikaa mbele na watoto wake. Mtungi uliwekwa juu ya meza, umezibwa kwa nta. Upande wa kulia walisimama Fisi na Kiboko, makoti yamepigwa pasi. Upande wa kushoto alisimama Kindi, kwa sababu Fisi alimwambia awe hapo kushika ungo.

"Fungueni," alisema Tembo.

Kindi akakwangua nta, akakiinua kifuniko. Fuuu, ikatoka harufu nzito ya hewa iliyofungiwa muda mrefu. Fisi akarudi hatua moja nyuma. Kindi akauinamisha mtungi juu ya ungo, na mahindi yakamiminika, chwaaa. Pamoja na mahindi wakamiminika fukusi. Wengi ajabu, na wote miguu juu.

Watu wa mbele wakainuka kutazama.

"Wamekufa?" aliuliza Mama Kanga.

"Wamekufa wote, Mama," alisema Kindi.

"Wamekufa kwa nini?"

"Mimi leo nashika ungo tu. Mwandishi wa kwanza ni Profesa."

Macho yote yakamgeukia Fisi. Fisi akakohoa, kho kho. Akainama sikioni mwa Kindi, akanong'ona: "Ulitia nini humu?"

"Yote yameandikwa ukurasa wa nne, Profesa."

"Najua yameandikwa. Nikumbushe kwa kifupi."

"Kwa kifupi," alinong'ona Kindi, "kila kilichofungiwa humu kikiwa hai, kimetoka kimekufa."

Na hilo, wanangu, lilikuwa kweli tupu. Kindi hakuongeza neno.

Fisi alitazama ungo. Alimtazama fukusi mmoja mnene aliyelala chali.

"Profesa, tunakusubiri," alisema Tembo. "Konzi moja inatosha."

"Mheshimiwa Mkuu," alisema Fisi, "kwa heshima, naona Daktari Kiboko aanze. Yeye ndiye aliyekaa karibu na mtungi muda wote."

"Mimi?" alisema Kiboko. "Mimi sikukaa karibu. Mimi nilitoa chumba."

"Ulisema kivuli ni chako."

"Kivuli ndiyo. Mahindi siyajui. Mwandishi wa kwanza ni wewe, kula."

"Mwenye tumbo kubwa ndiye anayehimili sumu."

Neno hilo likaruka uwanjani kama cheche. Sumu! Watoto wa Mama Kanga wakaingia chini ya mbawa za mama yao. Kiboko akaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo, mpaka akagonga ukuta, ndi.

"Mnanichanganya," alisema Tembo. "Kazi hii ni yenu au si yenu?"

"Si yangu," alisema Kiboko haraka. "Mimi hata ripoti sijaisoma."

"Profesa?"

Fisi alimtazama Tembo, akatazama ungo, akamtazama tena yule fukusi. "Kwa kweli, Mheshimiwa, hapa kuna kosa la wapiga chapa. Jina langu limeingia kwa bahati mbaya."

"Basi kazi ni ya nani?"

"Ya Kindi," alisema Fisi.

"Peke yake?"

"Peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi hatukugusa hata punje. Yakitokea maafa, aulizwe yeye."

"Mmesikia nyote?" Tembo aliuuliza umati. Umati ukaitika kwamba umesikia. Tembo akachukua kalamu, akakata jina la Fisi, akakata la Kiboko, na juu kabisa akaandika jina la Kindi kwa herufi kubwa. Halafu akamtazama kwa huruma kidogo.

"Kindi, sheria ni ile ile. Aliyeandikwa ndiye anayekula. Unaweza kukataa."

Kindi akapepeta ungo, pe pe pe, fukusi wakaruka na upepo. Akachota konzi ya mahindi, akatia mdomoni. Kacha, kacha, kacha. Akameza. Uwanja mzima ukamkodolea macho, ukisubiri aanguke. Kindi akachota konzi ya pili.

"Mama Kanga," alisema huku akitafuna, "humu hamna sumu. Kuna mshumaa tu. Mshumaa unakula hewa, fukusi anakosa pumzi, mahindi yanabaki kama ulivyoyavuna. Mtungi unao, na nta iko kwenye mizinga ya shemeji yako. Njoo, nitakuonyesha."

Mama Kanga akasogea. Akaonja punje moja, akafikiri, akaonja nyingine. Kisha akawaita watoto.

Fisi alikuwa bado amesimama. Alipoona wanakijiji wanapanga mstari kuuliza habari za mtungi, alitabasamu, akavaa miwani yake upya, akasogea mezani.

"Ni kweli, ndugu zangu, wazo la mshumaa nakumbuka niliwahi kulizungumza na…"

"Profesa," alisema Tembo, "umeshasema. Tumesikia nyote."

Fisi akafunga mdomo. Baadaye Tembo akatoa agizo jipya: kila aliyetajwa katika utafiti, juu au mwisho, asimame mbele ya walimu wenzake na kuueleza bila kusoma karatasi. Nungunungu akaelezea jiko. Chura akaelezea pampu. Zamu ya Fisi ilipofika, alileta habari kuwa jino linamuuma, na msimu ulipokwisha hakuonekana tena chuoni. Kiboko alibaki, lakini funguo alinyang'anywa.

Kindi alibaki na kazi yake. Msimu uliofuata alikuwa na mwanafunzi mmoja, Panya, aliyebuni kifuniko kinachoziba bila nta. Ripoti ilipotoka, jina la juu lilikuwa la Panya.

Hadithi yangu nimeifikisha, wanangu, na somo lake ni hili: usitake jina lako liandikwe juu ya kazi ambayo hujaifanya na huijui.