Ramani Iliyopandisha Maji Mlimani

Hapo zamani, na si zamani ile ya fisi kuvaa kanzu, maana kompyuta zilikuwa zimeshafika na maji ya bomba ndiyo yalikuwa bado, palikuwa na kijiji kinaitwa Mbokoi. Kilikaa ubavuni mwa mlima, na mlima wenyewe ulikuwa upande wa kusini. Shikeni hilo la kusini, msije mkaniuliza mbele ya safari.

Chini kabisa ya kijiji aliishi Namsifu, mtia rangi vitambaa vya batiki. Mnaijua batiki inavyokunywa maji: kuloweka maji, kusuuza maji, kusuuza tena maji. Na chemchemi iko kule juu. Namsifu alipanda na ndoo tupu, akashuka na nusu ya maji kichwani na nusu mgongoni.

Siku moja mhandisi wa maji akaja, akasema, "Bomba lipo, moja. Nileteeni ramani inayoonyesha chemchemi na nyumba zenu, na kijiji kizima kiikubali. Mkishindwa, nalipeleka kwa jirani zenu."

Mzee Mchome, mwenyekiti, furaha ikampanda kichwani. Akaapa mbele ya mkutano: "Atakayetupatia ramani, bomba litasimama mlangoni kwake."

Vigelegele. Namsifu alipiga kuliko wote, akilini ameshayaona mapipa yake yanafurika.

Wa kwanza kuingia kazini alikuwa Kiangi, fundi redio, mwenye kompyuta pekee kijijini. Akatafuta programu ya kuchorea, ya bure. Ya kwanza ilijiita ya bure, ikafika katikati ya kazi ikaomba hela. Kiangi akaifuta. Ya pili ilichora visanduku na mishale. Mbokoi ikatoka kama chati ya vyeo vya ofisini, Mzee Mchome akajikuta kisanduku cha chini na jirani yake juu, akanuna wiki nzima. Kiangi akaifuta. Ya tatu ilipinda mistari upendavyo. Maua utapata, umbali hupati. Ya nne ilijua mahali: ukiionyesha nyumba ilipo duniani, inaiweka papo hapo. Kiangi akaruka kwa furaha. Akaichagua ya nne, na ya tatu akaiacha ikae, maana aligundua kuwa ramani ya hii hufunguka ndani ya ile.

Wa pili alikuwa Mwalimu Eliamani, wa jiografia. Akabeba simu yake inayopima mahali, akapita mlango kwa mlango. Mbwa akamfukuza, akaipima nyumba. Akatumbukia mferejini, akaupima mfereji. Vyote akavimimina kwenye programu ya Kiangi, ramani ikatoka safi, haina hata nyumba moja iliyopotea.

Mkutano ukaitishwa, kompyuta ikawekwa mezani, watu wakasogea. Kisha wakaanza kupinda shingo.

Sasa ile kusini niliyowaambia mshike ndiyo hii. Eliamani aliweka kaskazini juu, kama ramani zote za shuleni. Lakini Mbokoi, juu ni mlimani, tangu babu zao. Wakaona chemchemi iko chini na nyumba ziko juu.

"Mwalimu," akauliza Bibi Nakunda, "haya maji yatapanda kwa miguu?"

"Bibi, hapo juu ni kaskazini."

"Mjukuu wangu, mimi juu naijua. Nimeipanda na ndoo."

Mzee Mchome akagundua kuwa choo chake kimekaa juu ya chemchemi, na kijiji kizima kinakunywa kutoka huko. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Eliamani kila akieleza, wanazidi. Ramani ikakataliwa kwa mbavu kuuma.

Namsifu naye alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Aliliona bomba linakwenda zake kwa majirani. Akainuka, akaishika kompyuta kwa mikono miwili, akaipindua miguu juu.

"Ehee," akasema Bibi Nakunda. "Sasa nimefika nyumbani."

Lakini maandishi nayo yalisimama kwa kichwa. Basi Namsifu akaifungua ramani ndani ya ile programu ya tatu aliyoiacha Kiangi, akaigeuza yote, akaandika majina upya. Akachora mlima na mawingu yake, ng'ombe wa Bibi Nakunda, na chemchemi kwa buluu ileile ya vitambaa vyake. Akaweka na kishale kuonyesha kaskazini iko chini, mhandisi asipotee. Kijiji kikapiga makofi. Mhandisi akapinda shingo, akacheka, akakubali.

Bomba likaja, na fundi bomba na sururu yake. "Nichimbe wapi?"

Watatu wakasimama.

"Kwangu," akasema Kiangi. "Ningechagua ile ya visanduku, mngekuwa bado mnanuniana."

"Kwangu," akasema Eliamani. "Programu bila vipimo ni sahani tupu. Mbwa aling'ata suruali ya nani?"

"Kwangu," akasema Namsifu. "Ramani yenu ilichekwa na kijiji kizima, na mhandisi alitaka iliyokubaliwa."

Alisema kwa sauti kubwa, mgongo ukimuuma kwa ndoo ya asubuhi ileile. Ila moyoni alijua, na kujua huko kulimuudhi, kwamba asingegeuza kitu kama pasingekuwa na kitu cha kugeuza.

Mzee Mchome akawatazama wote, akakumbuka kiapo chake, akakimbilia chooni na kujifungia. Wanamgongea, hatoki. Fundi ameinua sururu, mikono inamchoka.

Haya, nyinyi mlionyamaza hapo kana kwamba hamkusikia. Mwambieni fundi: je, bomba lilistahili kusimama mlangoni kwa nani?