Nywele za Mtoto wa Farasi kwenye Bawa la Bundi

Pwa, pwa, pwa, juu ya paa, usiku wa manane, na Nakunda akamkumbatia mtoto wake kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

Enzi hizo bundi hakuwa ndege wa kimya kama mnavyomjua. Mabawa yake yalivuma kama mkeka unaokung'utwa vumbi, akiwa ng'ambo ya mto umeshamsikia, na watu walisema, wote walisema, hata wasiowahi kumwona walisema, kwamba akipiga mabawa juu ya nyumba yenye kichanga, kichanga hicho hakifiki mavuno. Na kichanga cha Nakunda hakikuwa kimetimiza hata arobaini.

Nakunda alikuwa ameolewa kwa wafuga farasi, huko nyandani chini ya milima, ambako chumba cha kulala na banda la farasi viligawana ukuta mmoja. Farasi akikohoa, unamsikia ukiwa kitandani. Alikuwa bado mgeni pale, mzazi wa mara ya kwanza, na kila kitu kilimtisha: fisi aliyekuja kunusa mlango, nyoka kwenye majani makavu, na panya, panya hasa, maana walikuwa wamejaa. Walilala ndani ya hori la kulishia, juu ya mtama wa farasi. Na kulipokucha alikuta kisigino cha mtoto kimetafunwa, kidogo tu, lakini kimetafunwa. Hakumwambia mtu. Aliona aibu.

Mavyaa wake, mama wa mumewe, akasema bundi akamatwe leo hii hii. Kiangi, mume wa Nakunda, akachemsha utomvu akatengeneza ulimbo mzito wa kunasia ndege, upakwe kwenye boriti ya banda, bundi akinasa achomwe kwa vijinga vya moto. Nakunda akasema ataupaka mwenyewe. Akabeba chungu, mtoto mgongoni, akapanda juu ya hori, akanyoosha mkono, na hapo akakutana uso kwa uso na bundi.

Nyuma yake makinda walikuwa wamebanana, weupe kama pamba. Na pembeni ya makinda, panya. Panya waliokufa, wamerundikana, mikia inaning'inia kwenye boriti.

"Mama mwenzangu," bundi akasema, "ukipaka hapo, hawa atawalea nani? Na panya wako utawakamata wewe?"

Nakunda alishtuka, chungu kikagonga boriti. "Usinisemeshe, nakuogopa, naogopa kila kitu humu, mwanangu kaliwa kisigino na mimi nimelala tu, halafu wewe unakuja kukung'uta mabawa juu ya paa kama unabomoa nyumba. Kwa nini lakini hunyamazi?"

"Mdomo naunyamazisha," bundi akasema. "Mabawa siyawezi."

Chini, mtoto wa farasi alikuwa akijisugua kwenye hori. Zamani watoto wa farasi walizaliwa na nywele ndefu za shingoni, laini, za kufika magotini, na huyu alipozitikisa hazikutoa hata mchakacho. Nakunda akazitazama. Akachukua kisu cha kukatia majani, akazikata zote, akachovya ncha zake kwenye ulimbo ule ule wa Kiangi, akazibandika kwenye kingo za mabawa, unywele baada ya unywele, anasema peke yake bila kupumua. Bundi alivumilia.

Jioni wanaume waliketi na vijinga vyao, masikio wima. Bundi akatoka juu ya vichwa vyao, akarudi na panya, akatoka tena. Hata farasi hawakuinua kichwa. Mwisho Kiangi akatangaza kwamba ndege amehama kwa kumwogopa yeye, na maneno hayo aliyarudia kwa majirani kwa muda mrefu.

Kisigino cha mtoto kilipona. Mtama ukabaki horini. Asubuhi moja kando ya moto, mavyaa ndiye aliyeuliza nywele za mtoto wa farasi zimekwenda wapi, na Nakunda akajibu upesi kwamba zimeliwa na panya.

"Panya huyo alikuwa na kisu, mwanangu," mavyaa akasema, "tena kikali." Akanyoosha mkono, akachomoa unyoya mweupe kwenye nywele za mkwewe, akautia motoni. Kisha akamchukua mjukuu, akambusu kisigino, akamnong'oneza Nakunda.

Na ndiyo maana, kuanzia hapo hadi leo, mtoto wa farasi huzaliwa na nywele fupi za kusimama kama fagio kuukuu. Ndiyo maana ukigusa ukingo wa bawa la bundi unakuta vinywele, na akipita juu yako hujui kama amepita. Na katika nyumba za wafuga farasi huachwa tundu juu ya mlango wa banda. Wanaume husema ni la hewa. Lakini mama mwenye kichanga, akiona kivuli cheupe kinaingia tunduni, humfunika mtoto vizuri, akanong'ona kama mavyaa alivyomnong'oneza Nakunda asubuhi ile kando ya moto: "Nimekuona, mama mwenzangu. Sitamwambia mtu mwingine."