Difu ya Mbele

Mfano huu aliutoa kwanza Mwinjilisti Elieneza Mzava, katika mtaa wetu wa Vumbeni, Jumapili ya tatu ya Majilio, mwaka 2004. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na waliofika kanisani hawakuzidi arobaini. Baadhi yenu mlikuwapo. Tuusikilize kama alivyousema, bila kuongeza chumvi, maana mwenyewe hakupenda chumvi.

Kulikuwa na mtu mmoja, mwenyeji wa huku milimani, aliyeshuka tambarare kutafuta maisha, akayapata kiasi chake. Baba yake alipofariki, alimteremsha mama yake akaishi naye, kwa sababu magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Mwaka ule ule mvua za vuli ziliichana barabara ya mlimani. Basi likaacha kupanda. Ikabaki njia ya malori ya mbao na ya miguu ya watu. Mama hakuweza kupanda kwa miguu, wala mgongo wake usingestahimili kurushwa juu ya magogo. Akawa amekwama chini, misimu sita.

Mama yule hakulia wala hakununa. Kila asubuhi alitoka na kigoda chake akakaa penye pengo la ua, akautazama mlima. Mwanawe akipita kwenda kazini humwambia, "Leo kwetu kuna ukungu mpaka mtoni." Au, "Leo kumetakata, baba, naona mpaka kwenye migomba yangu." Kwa umbali ule hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuona mgomba. Yeye alikuwa akiiona.

Na alikuwa na kopo la mbegu za maharage. Mbegu ikikaa mno haioti, mnajua. Basi kila msimu ulipopita bila yeye kupanda juu, aliyachagua maharage yale, akayapika, watu wakala, naye akatafuta mbegu mpya akazitia koponi. Kila alipoyaweka mezani mwanawe alijua anakula nini. Mmewahi kula chakula cha namna hiyo? Chakula kitamu, na kila tonge linakuuliza swali?

Mtu yule akanunua gari kuukuu la porini, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ili ampeleke mama kwao. Alipojaribu kupanda, tumbo la gari liligonga miamba pale pale kona ya kwanza. Akarudi, akafunga matairi makubwa, marefu kufika kiunoni mwa mtu. Sasa tumbo likawa juu, lakini gari likawa halina nguvu. Kilima kidogo tu cha stendi lilikipanda likipumua kama punda aliyebebeshwa saruji.

Akalipeleka gereji. Fundi akalizunguka mara moja, akacheka.

"Mzee, umemvisha mtoto viatu vya baba yake, halafu unamwambia akimbie."

Fundi akamweleza kwamba tairi kubwa, likizunguka mara moja, linakwenda mbali kuliko dogo, na injini ndiyo inayotoa jasho la tofauti hiyo. Dawa iko ndani ya difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Humo mna gia mbili zinazosagana, moja kubwa kama sahani na moja ndogo kama ngumi. Akafungua difu ya nyuma, akatia alama ya chaki kwenye jino moja, akamwambia ahesabu mwenyewe asije akasema amedanganywa. Kubwa ilikuwa na meno thelathini na saba, ndogo tisa. Injini ikizungusha ile ndogo mara nne na kidogo, gurudumu linazunguka mara moja. Kwa matairi makubwa hiyo haitoshi. Inatakiwa karibu mara tano.

Wakatandika gunia chini, wakapanga gia za kuchagua. Mtu yule akazishika moja moja, akahesabu, akagawanya kwa kalamu juu ya kipande cha boksi. Ya arobaini na tatu kwa kumi ilikuwa jirani mno na ile ya zamani. Ya arobaini na moja kwa nane ilikuwa na nguvu kupita kiasi. "Hiyo utafika mlimani," fundi alisema, "lakini kwenye lami utapitwa na muuza maziwa na baiskeli yake." Wakatulia kwenye ya thelathini na tisa kwa nane. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

Shida ikawa moja. Gari la namna hiyo lina difu mbili, ya mbele na ya nyuma, na gia zilizopatikana zilikuwa za nyuma tu. Za mbele zingeagizwa mbali. Wiki tatu.

"Funga za nyuma," mtu yule akasema. "Ya mbele tutaibadili baadaye."

Fundi akafuta mikono polepole. "Mzee, hizi mbili ni pacha. Zinavaa sare au hazitembei pamoja. Kwenye lami, ya mbele inalala, huitumii, hutajua lolote. Siku utakayoiamsha, huku kunazunguka hivi na huku vile, na wewe uko katikati. Ngoja wiki tatu."

"Mama hawezi kungoja."

Ndugu zangu, hapo tusimame kidogo. Ni kweli mama hakuweza kungoja? Mama aliyengoja misimu sita? Jioni ile mwanawe alipomweleza habari za gia, mama alisema tu, "Wiki tatu si kitu, baba. Mbegu ninazo za mwaka huu." Aliyeshindwa kungoja alikuwa nani?

Mtu yule alikuwa na picha moja kichwani ambayo hakumwonyesha mtu. Alijiona akiingia uwanja wa kanisa la kwao, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, watu wanatoka ibadani, matairi yale makubwa yanakanyaga nyasi, na yeye anateremka kwanza, ndipo anazunguka kumfungulia mama mlango. Aliipenda picha hiyo. Usiku na mchana aliipangusa vumbi. Jumapili hiyo ilikuwa imebakiza siku kumi.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mnaijua desturi yetu. Mgonjwa akizidiwa, pembe hupigwa, na kila nyumba hutoa bega moja la kubeba machela mpaka hospitali ya tambarare. Mtu yule, tangu ashuke, hakuwahi kutoa bega. Na njia ya hospitali ilipita mbele ya ua wake. Akiiona machela ya kwao inakuja, watu wamelowa jasho, yeye huingia chini ya gari lake na spana, akakaa humo mpaka nyayo zipite. Mtu wa namna hiyo angewezaje kupanda kwao mikono mitupu? Ilibidi apande na kitu cha kuwafunga watu macho.

Basi akafunga gia za nyuma, za mbele akaziacha zile za zamani, akamwahidi fundi kwamba magurudumu ya mbele hatayagusa. Akalijaribu gari kilima cha stendi. Likapanda kama linateremka. Watu wa stendi wakasifu. Nani angejua?

Jumapili ikafika. Mama alivaa kitenge chake cha kipaimara cha wajukuu, akapakata kopo la mbegu mapajani. Gari likapanda vizuri, kona kwa kona, na mama akawa anataja kila mfereji kwa jina la aliyeuchimba. Hewa ikaanza kuwa baridi, mama akafungua dirisha, akaivuta kama mtu anayekunywa.

Kwenye theluthi ya mwisho wakakuta tope. Magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale, yakachimba. Mtu yule akashuka, akatazama mbele, akatazama saa. Ibada ingemalizika baada ya dakika ishirini. Akainama, akafunga loki za magurudumu ya mbele, akarudi ndani, akavuta wenzo mdogo wa kuiamsha difu ya mbele.

Likatoka topeni, ndiyo. Lakini lilikwenda kwa kushtukashtuka, kama watu wawili waliobeba gogo moja na hawajapatana hatua. Mama akamgeukia.

"Baba, gari lako linagombana lenyewe."

Akamwambia ni njia tu, mama. Tope lilisamehe, kwa kuwa kwenye tope tairi huteleza. Kisha wakaingia ile kona iliyotandikwa mawe na wazee wetu, ambako tairi hushika na haliachi. Hapo mbele ikavuta kwa hesabu yake, na nyuma ikavuta kwa hesabu yake, na hapakuwa na pa kutelezea. Kikasikika kishindo kimoja, kikavu. Gari likasimama, mafuta meusi yakachuruzika juu ya mawe.

Kutoka kona ile linaonekana bati la kanisa. Inaonekana na migomba ya mama. Kwa kijana ni mwendo wa nusu saa. Kwa magoti yale ilikuwa mbali sawa na kutoka tambarare. Misimu sita alikuwa ameitazama migomba ile kwa jicho la moyo. Sasa aliiona kwa jicho la kichwa, na hakuweza kuifikia. Mtu yule aliweka paji la uso juu ya usukani. Mama aliendelea kuitazama migomba. Alikuwa akihesabu mikungu.

Kengele ya mwisho wa ibada ikalia. Muda haukupita mwingi, wakasikia nyayo. Wanaume watatu walikuwa wakiteremka, na mmoja amebeba machela begani. Huku juu gari likinyamaza kona ile, watu wanajua.

Aliyetangulia alikuwa rika lake, waliochunga mbuzi pamoja. Akamwamkia mama kwanza, kwa heshima zote, akamuuliza hali ya magoti. Ndipo akamgeukia mtu yule.

"Bwana we, miaka yote hii ulishindwa kutuita?"

"Niliona haya," mtu yule akajibu. "Bega langu halijagusa machela tangu niondoke. Ningewaombaje mabega yenu?"

Mwenzake akaitazama machela, akaitazama ile difu iliyopasuka, akatikisa kichwa.

"Kila mwezi tunateremsha mgonjwa. Tunapita mlangoni kwako. Na kila mwezi machela hii inarudi juu tupu."

Mnasikia? Inarudi tupu. Misimu sita, kila mwezi, kitu cha kumfikisha mama nyumbani kilipita hatua kumi kutoka kwenye kigoda chake, hakina mtu juu yake, na mwana alikuwa amejificha chini ya gari akikaza nati.

Wakamlaza mama na kopo lake. Walikuwa watatu, na machela inataka wanne. Mwenzake akamwonyesha pembe ya nyuma kushoto. "Shika hapo. Usitazame njia, hutaiona. Fuata hatua ya wa mbele. Akitoa kushoto, toa kushoto."

Hivyo ndivyo mtu yule alivyoingia uwanja wa kanisa la kwao. Aliingia wa mwisho, tope mpaka magotini, anatazama kisigino cha mwenzake. Watu walimkimbilia mama. Yeye hakuna aliyemtazama, na baadaye alisema kwamba hajawahi kufika mahali popote vizuri kama siku ile.

Sasa, ndugu zangu, tusimcheke. Sisi tuko katika Majilio. Mbele tunaimba, Njoo, Bwana, tunakuonea shauku. Nyuma tunataka akija atukute tumesimama mahali pa kuonekana. Mbele tunasema, ni kwa ajili ya mama, ni kwa ajili ya watoto, ni kwa ajili ya kanisa. Nyuma tuna picha yetu tunayoipangusa vumbi. Na siku za lami hakuna anayejua, hata sisi wenyewe hatujui, kwa kuwa ya mbele imelala. Tope likija ndipo tunaiamsha. Na baada ya tope huja mawe.

Tulibadili gia za upande mmoja. Tulihesabu meno sawasawa, tukagawanya sawasawa, na hesabu haikuwa na kosa. Wiki tatu zilitushinda. Tukamsingizia mama.

Je, shauku yetu ni ya kufika, au ni ya kuonekana tunafika? Tukiijua hiyo, tutazame mlangoni. Msaada wa Mungu hauji kila mara na matairi marefu. Mara nyingi ni kile kinachopita mbele ya ua wetu kila mwezi, tupu, na kinachotuzuia kukiita ni haya ya bega ambalo halikutolewa. Tutoke chini ya gari. Tuite. Na tukiisha kuita, tushike pembe ya nyuma, tufuate hatua.

Ndivyo alivyomaliza, akaketi.

Mama wa mfano huu alipanda mbegu zake wiki ile ile, akavuna misimu minne, akazikwa kando ya migomba. Fundi yu hai, ingawa gereji ameiacha. Wabebaji wawili wamelala. Wa nyuma kushoto, ambaye wakati huo hakuwa mwinjilisti bado, ni Elieneza Mzava mwenyewe. Alifariki Agosti 2016, na machela ile ile ndiyo iliyompandisha. Aliyekuwa mbele, anayetoa hatua, ni Mzee Sifaeli Mkwizu. Yu hai, ana miaka themanini na miwili, na leo ameketi benchi la tatu.