Mbuzi ya Nazi Juu ya Kaburi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Aliyesinzia?"
"Mwamsheni!"

Basi hapo kale, kale hasa, kijijini palikuwa na bibi mmoja mwenye busara, Bi Mwanatumu. Mumewe, Mzee Kombo, alikuwa akichonga mbuzi za kukunia nazi. Nyumba gani haikuwa na mbuzi ya Kombo? Hakuna! Jua likipanda, kijiji kizima utakisikia: kwaru, kwaru, kwaru!

Mzee Kombo akafa. Wakamlilia, wakamzika. Likaletwa jiwe la kaburi, jeupe, zuri. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mwanawe Vuai akasema, "Tuchore upanga."

Binti yake Mize akasema, "Tuchore waridi."

"Upanga!"

"Waridi!"

Vuai akataka na herufi za kifalme, zenye mikia iliyosukana. Mize akataka za kujikunjakunja, zenye vishada. Wakanuniana. Wakaacha kuamkiana. Jiwe likalala uani, kuku wakataga ubavuni mwake, na kule kaburini mvua ikaanza kula udongo.

Bi Mwanatumu akaona haya hayafai. Akamwita mchonga mawe, Fundi Makungu.

"Fundi, andika jina kwa mkaa, vile atakavyo Vuai."

Fundi akaandika. Akapita jirani na kuni zake kichwani.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa," Bi Mwanatumu akamwambia.

Jirani akakodoa macho. "Bibi, hili jina au mkeka?"

"Futa, fundi. Andika atakavyo Mize."

Jirani akainamisha shingo huku, akainamisha kule. "Hapa naona... uduvi wa baharini?"

Mize mwenyewe akaangua kicheko.

"Futa. Sasa andika wazi."

"Kombo!" jirani akasema papo hapo. "Mungu amrehemu mzee wa watu."

"Mmesikia?" akasema Bi Mwanatumu. "Amelisoma, amemwombea. Maandishi ndiyo hayo."

"Na picha, mama?" akauliza Vuai.

"Baba yako aliwahi kushika upanga?"

"Hapana, mama."

"Mize, alipanda waridi?"

"Wapi! Akiyanusa tu, chafya!"

"Basi fumbeni macho. Mnamwona vipi?"

Vuai akafumba macho. Machozi yakamlenga. "Namwona amekalia mbuzi mpya, anaijaribu. Kwaru, kwaru. Ananitilia nazi ya kwanza mdomoni."

Mize akamgeukia. "Hata mimi alinitilia! Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Nami nilidhani ni mimi peke yangu."

Fundi hakungoja kuambiwa. Ko! Ko! Ko! Akachonga jina kwa herufi za wazi, na chini yake mbuzi ya nazi, kwa kigoda chake na meno yake.

Siku ya kulisimamisha jiwe, watu wakacheka. "Mbuzi ya nazi kaburini!"

"Wacheni wacheke," akasema Bi Mwanatumu. "Kombo naye alikuwa mcheshi."

Na kweli, wakacheka, kisha wakainua mikono wakamwombea. Mchana ule Vuai na Mize walikula sinia moja, huyu akimsogezea mwenzake minofu, yule akiirudisha.

Wanangu, ukimwekea mtu wako jiwe, muweke yeye alivyokuwa, usimuweke yule ambaye ungependa watu wamdhanie.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Maneno nimewaachia nyinyi, mimi nakwenda kunywa maji.