Bingwa Aliyesema "Atarudi"

Ndugu zangu, fungeni kwanza vitabu vyenu vya nyimbo. Vifungeni tu, tutavirudia. Asubuhi hii nataka tutoke kidogo humu ndani, twende uwanjani.

Alikuwako mwanariadha mmoja, mwanamke wa huku kwetu nyanda za juu. Tumpe jina, tumwite Jemaiyo. Mbio zake zilikuwa zile za mita elfu tatu, za kuruka viunzi na maji. Mnazijua. Nani hapa hazijui? Mizunguko saba na nusu. Viunzi ishirini na vinane vya nchi kavu, na mara saba unapanda kile chenye dimbwi la maji mbele yake. Na kiunzi cha mbio hizi si kama vile vya mbio fupi, vinavyolala chini mtu akivigonga. Hiki ni gogo. Ukikigonga, kinabaki pale pale kimesimama, na wewe ndiye unayelala.

Jemaiyo alikuwa hajashindwa kwa miaka minne. Nisikilizeni vizuri: miaka minne. Alikuwa ameshinda kwenye baridi ya Ulaya, akashinda kwenye joto la Uarabuni, akashinda siku aliyoamka na homa. Wenzake walikuwa wamezoea kugombania nafasi ya pili. Hata watangazaji wa redio, mbio zikianza, walikuwa wakisema, haya, tuangalie nani atamfuata Jemaiyo.

Mwaka huo mashindano ya dunia yakaja hapa nyumbani. Mnaweza kufikiria? Fainali ilikuwa saa kumi jioni, lakini saa sita mchana uwanja ulikuwa umeshajaa. Watu walikaa kwenye ngazi. Akina mama walifunga vibanda vyao sokoni wakaja na mikeka. Walimu walileta wanafunzi kwa malori. Na watu wote hao, maelfu kwa maelfu, walikuja kumwona mtu mmoja.

Jemaiyo na kocha wake walikuwa wamejiandaa. Wiki nzima walikaa wakitazama mikanda ya mbio zilizopita, wakichambua wapinzani. Kuna Muethiopia mmoja aliyekuwa na mbio kali sana za mwisho, huyo ndiye waliyemhofia. Kocha, mzee mtaratibu aliyemlea Jemaiyo tangu shule ya upili, alimwambia wazi kwamba asipige hatua bila kujua Muethiopia yuko wapi. Akienda, nenda naye. Akitulia, tulia. Mpango ukawa huo, na ulikuwa mpango mzuri.

Mle kwenye fainali kulikuwa pia na dada mmoja kutoka Tanzania, kule Mbulu, anaitwa Emiliana. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Aliingia fainali kwa shida, wa mwisho kabisa katika orodha. Aliyesoma majina kwenye kipaza sauti alilikosea jina lake, akalirudia, akalikosea tena, akaliacha. Jemaiyo na kocha wake hawakumchambua huyo. Mngekuwa ninyi, mngemchambua?

Bunduki ikalia.

Wakaondoka kumi na watano kwa pamoja, na kabla hata hawajafika kwenye kiunzi cha kwanza, yule mwalimu akachomoka. Akapita pembeni, akawatangulia wote, akaenda. Uwanja ukacheka kidogo. Si tunawajua wakimbiaji wa namna hiyo? Wanatangulia ili waonekane kwenye televisheni, halafu mzunguko wa tatu unawakuta wanatafuta pumzi.

Jemaiyo alimwona. Alimtazama mara moja tu, akarudisha macho kwa Muethiopia, aliyekuwa bega kwa bega naye. Mzunguko wa kwanza, mwalimu yuko mbele mita kumi. Wa pili, mita ishirini na tano. Anafika kwenye maji peke yake, anakanyaga gogo, anaruka, chwaa, anatoka, anaendelea. Nyuma huku kundi zima linamwangalia Jemaiyo, na Jemaiyo anamwangalia Muethiopia, na Muethiopia anamwangalia Jemaiyo.

Mnaliona hilo kundi? Watu kumi na wanne wenye miguu ya dunia, wanakimbia kama watu wanaosindikizana.

Mzunguko wa nne, Mkenya mwenzake, msichana aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja kambini, akamsogelea ubavuni. Walikuwa wametoka tu kwenye maji, wote wamelowa mpaka magotini.

"Dada, huyu anaenda," akamwambia.

Jemaiyo akajibu neno moja tu.

"Atarudi."

Neno hilo wanariadha wanalielewa. Maana yake ni kwamba mwache, atachoka, ataturudia hapa tulipo. Na Jemaiyo hakulisema kwa majivuno. Alikuwa ameliona likitokea mara mia. Wangapi walishamtangulia, wakachoka, akawapita wakiwa wameshika viuno? Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Miguu yake mwenyewe ilimwambia kwamba wakati wowote atakapotaka, atamfikia yule mtu.

Mzunguko wa tano, mita hamsini. Wa sita ukaanza, mita sabini.

Hapo ndipo watu wakaacha kukaa. Uwanja mzima ukasimama, na lile jina walilokuwa wakiliita tangu bunduki ilie, wakaliita kwa nguvu zaidi. Jemaiyo! Jemaiyo! Watoto wa shule wakawa wanapiga mbao za viti kwa miguu. Kocha wake alikuwa ameshuka mpaka kwenye uzio, na mtu huyu ambaye hajawahi kupaza sauti maishani, alikuwa amevua kofia anaizungusha hewani akimwonyesha mbele, mbele, achana na Muethiopia.

Jemaiyo akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu bunduki ilie, aliangalia mbele sawasawa. Na yule mwalimu hakuwa anarudi. Hakuwa ameshika kiuno. Alikuwa anakimbia vile vile alivyoanza, mabega yamepanda, shingo imekaza, anakimbia vibaya, lakini anakimbia.

Jamani, moyo wa Jemaiyo ulishuka mpaka kwenye viatu.

Akaondoka. Akamwacha Muethiopia kama mtu anayeacha mzigo njiani. Kiunzi, akakiruka bila kukigusa. Kingine. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipompigia mwalimu, Jemaiyo alikuwa nyuma yake mita thelathini na tano, na mzunguko aliokimbia kuanzia hapo, wazee wa riadha waliokuwako wanasema hawajauona mwingine. Mita thelathini. Ishirini na mbili. Watu hawasikilizani tena. Mama mmoja jukwaani alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua. Wanafika kwenye maji ya mwisho, ziko mita kumi. Mwalimu anakanyaga gogo vibaya, anatua katikati ya maji, anayumba, anapiga goti, anainuka. Mita sita! Jemaiyo anapaa juu ya maji yale kama hayapo. Mita nne. Kimebaki kiunzi kimoja. Wanakiruka, mmoja, na mwingine nyuma yake. Mita mbili. Mita moja. Bega kwa bega.

Mstari.

Hakuna aliyejua. Wote wawili walilala chini, na watu wote wakageukia skrini kubwa ya uwanjani. Wakasubiri. Kisha likatokea jina, na mara hii liliandikwa bila kosa: Emiliana. Alikuwa ametangulia kwa upana wa kiganja.

Sasa fikirini hali ya Jemaiyo. Miaka minne, na imeishia hapo, nyumbani, mbele ya watu wake. Na kilichomuuma zaidi alikisikia dakika chache baadaye, pale kocha alipomfunika taulo mabegani na kumwambia taratibu kwamba huo mzunguko wake wa mwisho hakuna mwanamke aliyewahi kuukimbia hivyo. Jemaiyo akamuuliza, kama ni hivyo, mbona ameshindwa.  Mzee akamwambia tu kwamba kosa la mpango ni lake yeye.

Lakini Jemaiyo alikuwa mtu muungwana. Akaenda kumtafuta aliyemshinda. Alimkuta kule chini ya jukwaa, amekaa sakafuni, viatu vinachuruzika maji, na goti linatoka damu. Emiliana alipomwona, akaruka akasimama.

"Shikamoo, dada."

Huku kwetu hatuamkiani sana hivyo. Jemaiyo akaitikia marahaba, akampa mkono, akampongeza. Kisha akamuuliza lile lililokuwa likimsumbua.

"Niambie ukweli. Ulijuaje kwamba tutakuacha uende?"

"Sikujua, dada," akasema Emiliana. "Mimi nilitangulia kwa sababu ya maji. Mwaka jana nilisukumwa pale kwenye maji, katikati ya watu, nikavunjika mkono. Leo nikasema niruke peke yangu, hata kama mtanipita baadaye."

"Lakini ulikuwa mbele yetu mita sabini. Hukuona kwamba umetuacha?"

Emiliana akamkazia macho. Alidhani anataniwa.

"Mita sabini? Dada, mimi nilijua uko mgongoni kwangu. Kila nilikopita watu walikuwa wanakuita. Jemaiyo, Jemaiyo. Nikasema basi, ameshafika, ananipita sasa hivi. Nikakimbia. Nikasikia tena wanakuita, nikakimbia. Sikugeuka hata mara moja. Niliogopa kuuona uso wako."

Ndugu zangu, mmesikia? Zile kelele zote, zile sauti elfu na elfu za watu waliomwita Jemaiyo ili ashinde, ndizo zilizomkimbiza yule mwingine. Jina moja likaingia kwenye masikio mawili. Bingwa akilisikia, alituliza moyo. Mwalimu akilisikia, aliongeza mwendo. Bingwa alikuwa na miguu ya kumfikia mtu yeyote duniani, na miguu hiyo hiyo ndiyo iliyompa ruhusa ya kungoja.

Na sisi je?

Msiangalie pembeni. Usimwangalie jirani yako ukasema, mchungaji leo amempata. Nasema na sisi, na mimi nikiwamo.

Ni nani tumemwacha akaenda, tukasema atarudi? Kuna baba hapa ana kijana wake. Kijana akiwa na miaka sita alikuwa anamvuta shati, baba njoo uone. Baba akasema ngoja, nikimaliza hii kazi. Leo huyo kijana ana ndevu, na wakikutana sebuleni wanaulizana habari za mvua. Kuna ndugu wawili wa tumbo moja, wote wanakuja kanisa hili, mmoja anakaa upande huu na mwingine upande ule, na kila mmoja anasema siku moja tutakaa tuyamalize. Siku gani? Umeiona kwenye kalenda? Kuna dada aliyepanga kwenda kumwona mama yake Krismasi iliyopita, akasogeza hadi Pasaka, akasogeza hadi shule zifungwe. Mama naye anazidi kwenda.

Na kuna sisi ambao tumemweka Mungu mahali hapo hapo. Namjua, tunasema. Njia naijua, nyimbo nazijua, nimelelewa humu humu. Siku nikiamua kutulia, nitatulia. Na ni kweli kabisa, unaweza! Simwogopei asiyeweza. Asiyeweza anaanza mapema, kwa sababu anajijua. Namwogopea yule mwenye nguvu, mwenye akili, mwenye maneno mazuri ya kuomba msamaha, anayejua kwamba akimpigia nduguye leo, leo hii yataisha. Huyo ndiye anayeweza kungoja mpaka apitwe kwa upana wa kiganja.

Nilikuwa nimeandaa mambo mengine ya kusema. Nayaacha. Wengi wenu simu ziko mfukoni, na najua mmezima sauti kwa heshima ya ibada. Nawashukuru. Sasa ziwasheni. Mlango ule wa nyuma uko wazi, na uwanja wa kanisa una kivuli cha kutosha. Wewe unayejua jina la mtu wako, inuka, toka nje, umpigie. Asipopokea, piga tena. Usiandike ujumbe, piga, asikie sauti yako.

Hatutamwangalia anayetoka. Kwaya, tafadhalini, tuimbieni polepole. Ibada itaendelea mkishaingia wote.