Haki za Darasa Zima

Ngano iko mlangoni.
— Ikaribishe.
Ina njaa ya masikio.
— Yetu haya hapa.
Na nikizidisha chumvi?
— Tutakunywa maji.

Basi, hapo kale wanyama walijenga shule kando ya mto. Haikuwa shule ya mtu. Nyati alileta nguzo, nyani wakaezeka paa, mchwa wakakandika kuta, hata konokono, ingawa alifika kazi imekwisha, alishukuriwa kwa nia yake. Walisema, "Hii ni shule ya wote. Watoto wetu waje hapa wajifunze kusoma nyayo." Maana mtoto asiyejua kusoma nyayo akikuta alama za Chui vumbini atazipita kama anavyopita majani makavu, na jioni mama yake atamwita bila kuitikiwa.

Mwalimu wa nyayo alikuwa Korongo, mwenye miguu mirefu na sauti ndogo. Mwalimu mkuu alikuwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu siku ya kuchagua aliwahi kufika, akakaa kwenye kiti, na hakupatikana wa kumwinua.

Kila asubuhi watoto walipanga mstari, naye Kiboko aliuliza kwa sauti ya kutikisa matete:

"Wajibu wa mwanafunzi?"

"Kuwahi, kufagia, kulima, kunyamaza."

"Na haki ya mwanafunzi?"

"Anatutunzia Mwalimu Mkuu."

"Vizuri. Chukueni majembe."

Wanakwenda kwenye shamba la viazi la Kiboko. Ti, ti, ti, wanalima mpaka jua linawasimamia utosini. Mchana uji ukiiva, lazima Kiboko auonje, asije mtoto akaungua ulimi. Anaonja, gubu gubu gubu. Ana wasiwasi bado, anaonja tena, gubu gubu gubu, mpaka wanasikia mwiko unakwangua ukoko, kwaru, kwaru. "Sasa hauunguzi," anasema, na kuwasogezea chungu.

Siku moja akaja mwanafunzi mpya, jina lake Sange. Mnamjua sange? Ukimwona unadhani ni panya, lakini ana pua ndefu kama mkonga mdogo, na pua hiyo haitulii. Inanusa huku, fsu, inanusa kule, fsu. Sange alikuwa hawezi kupita shimo bila kuchungulia. Mama yake alikwisha kumvuta mkia kutoka kwenye mizinga ya nyuki, akachoka, akasema afadhali aende shule.

Asubuhi ile ya kwanza alisikiliza mstari wote ukiimba wajibu, ukaimba haki, kisha akanyosha mkono.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba."

"Hiyo haki unayotutunzia, ikoje?"

Watoto wote wakageuka kumtazama. Hakuna aliyewahi kuuliza. Kiboko alifumba macho, akayafumbua.

"Ni nzito," akasema. "Mtoto akiibeba itamvunja mgongo."

"Basi sitaibeba. Naomba niione tu."

"Haionekani."

"Inanuka?"

"Matuta mawili zaidi," akasema Kiboko, "kwa kuuliza."

Sange akalima matuta yake, ti, ti, ti, lakini kichwa chake hakikuwa shambani. Alikuwa akijiuliza, kitu kizito namna hiyo, tena cha watoto wote, kimewekwa wapi? Bwawani? Chini ya kiti? Na kama hakionekani, Kiboko anajuaje kwamba bado kipo?

Akamuuliza Digidigi, aliyekuwa akilima tuta la jirani. Digidigi ni paa mdogo kabisa, miguu kama vijiti, na tangu siku ile walikuwa marafiki.

"Mimi nadhani haki ni aina ya kiazi," alisema Digidigi. "Maana anakitunza yeye na sisi hatukioni."

Sange hakuridhika. Mchana alimfuata Mwalimu Korongo, ambaye alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mbele ya darasa tupu.

"Shikamoo, Mwalimu. Haki ni kiazi?"

Korongo akatazama huku, akatazama kule. "Marahaba, mwanangu. Hapana, si kiazi. Haki ni kile ambacho hapana mwenye ruhusa ya kukunyima. Kufundishwa ni haki yako. Kula chakula ulichopikiwa. Kuuliza. Na ukidaiwa umekosa, usikilizwe kwanza."

"Na wajibu?"

"Wajibu ni upande wako. Unawahi ili ufundishwe. Unafagia kwa kuwa darasa ni lako. Vinakwenda pamoja. Anayechukua kimoja anachukua na kingine."

"Kulima viazi vya Mwalimu Mkuu ni upande upi?"

Korongo akashusha mguu wa pili. "Hapo, mwanangu, hata mimi ninaogopa," akasema.

Siku zikaenda. Watoto wakawa hodari wa matuta, na unyayo wa kwanza hawajausoma bado.

Asubuhi moja Digidigi hakuwepo mstarini. Alifika watu wako shambani, anachechemea, paja limechanika. Alipita njia ya mtoni kama kawaida. Vumbini palikuwa na alama za mviringo, mbichi kabisa, naye akazikanyaga bila kujua ni nini. Mwenye alama alikuwa kwenye tawi juu yake. Kilichomwokoa ni wepesi wa miguu, na bado kucha moja ilimfikia.

"Umechelewa," alisema Kiboko.

"Mwalimu, nilikuwa..."

"Nyamaza. Umechelewa, na jembe lako limelala. Ondoka. Shule hii huioni tena."

"Lakini Mwalimu, Chui..."

"Nimesema nyamaza."

Sange alimsindikiza rafiki yake mpaka kwenye kichaka cha kwao. Digidigi aliuliza jambo moja tu walipofika: "Zile alama, Sange, zilikuwa zinaeleweka kweli? Yaani ningefundishwa, ningejua?"

"Ungejua," akasema Sange.

Digidigi akatikisa kichwa, akaingia ndani. Sange akabaki nje, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe pua yake ikatulia. Alikuwa na hasira. Hasira ilipopoa kidogo, likabaki swali, na safari hii lilikuwa geni. Alikwisha kuuliza haki ikoje. Hakuwahi kuuliza Kiboko anapenda nini. Jibu lake lilikuwa kubwa kama tumbo la Kiboko.

Kesho yake alimfuata bwawani, ambako yalionekana masikio mawili na matundu mawili ya pua.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Nimekuja kutoa shukrani."

"Marahaba. Shukrani za nini?"

"Za kututunzia haki. Nimeisikia habari yake. Tamu mno, ingetuharibu."

Maji yakafanya bwachu, kichwa kizima kikatokeza. "Tamu?"

"Mwanafunzi ana haki ya sahani iliyojaa, Mwalimu. Ana haki ya kukaa kivulini. Na hakuna wa kumwonjea. Bahati mbaya wewe ni mwalimu mkuu. Hizi ni za wanafunzi peke yao."

Maji yakatulia.

"Hivi," akasema taratibu, "mtu anakuwaje mwanafunzi?"

"Anaomba mbele ya kamati ya shule. Wanakuja kesho kukagua, na akina mama wanapika. Lakini nisingekushauri. Sahani moja itakufaa nini? Labda," Sange akakuna pua, "kwa huo ukubwa wako wakuhesabu kama darasa zima. Hapo zingekuwa haki za darasa zima. Hapana, ni nyingi mno kwa tumbo moja."

"Nani kakwambia ni nyingi?" akauliza Kiboko.

Kesho yake kamati ikafika. Mwenyekiti alikuwa Bi Ngiri, mama wa makamo mwenye meno marefu yaliyopinda, asiyependa kukaa sana. Akina mama walikuwa wamepika vyungu vya uji na viazi vya kuchemsha, watoto wamepanga mstari. Kabla Bi Ngiri hajafungua mdomo, Kiboko akasogea mbele.

"Nina ombi. Nataka kuwa mwanafunzi."

Bi Ngiri alimtazama. "Wewe?"

"Mimi. Na nihesabiwe kama darasa zima."

"Mwalimu, unajua unachoomba?"

"Nakijua. Haki zote za mwanafunzi, za darasa zima. Zisipungue."

Wajumbe wakanong'ona. Mmoja alisema pengine ni jua. Bi Ngiri akauliza tena, na tena Kiboko akakubali, wote wakisikia. "Haya," akasema Bi Ngiri, "kuanzia sasa wewe ni mwanafunzi. Mpeni chakula cha darasa moja. Kilichobaki ni cha watoto."

Kiboko akakaa kivulini, akala. Gubu gubu gubu. Kwa mara ya kwanza watoto nao walikula, kila mmoja sahani yake, na kilisikika kitu ambacho shule ile haikuwa imekisikia mchana: mtoto akicheua.

Kiboko alipojifuta midomo, Sange akanyosha mkono.

"Samahani, Bi Mwenyekiti. Naomba mstari uulizwe swali la kila asubuhi."

"Uliza wewe."

"Wajibu wa mwanafunzi?"

"Kuwahi, kufagia, kulima, kunyamaza," wakaitikia watoto.

Sange akamgeukia Kiboko kwa heshima zote. "Mwanafunzi mwenzetu, wewe ni darasa zima. Majembe ya darasa zima yale pale."

Kiboko akacheka. Akaona hakuna anayecheka naye. "Mimi ni mwalimu mkuu," akasema.

"Ulikuwa," alisema Bi Ngiri. "Umeomba mbele yetu, tukakuuliza tena, ukakubali tena. Kisha nieleze: kulima? Kulima nini? Sisi tulijenga shule ya nyayo."

Hapo watoto wakasema. Kwanza mmoja, halafu wote. Sange akakimbia kumleta Digidigi, naye akasimamishwa mbele ya kamati na paja lake, akaulizwa kilichotokea, akaachwa amalize. Ilikuwa habari fupi. Bi Ngiri aliisikiliza amekaa, yeye asiyependa kukaa.

Mwalimu Korongo akapewa kiti. Aliomba asikikalie, kwa kuwa amezoea kusimama. Digidigi akarudishwa mstarini. Viazi vya shamba vikaamriwa viende kwenye vyungu vya shule, naye Kiboko akaambiwa avichimbe.

Akalima, ti, ti, ti, peke yake, jasho linamtiririka, watoto wakimwangalia wanapoingia darasani. Sange alitegemea kufurahi. Alifurahi kidogo, kisha pua ikaanza, fsu, fsu. Akatoka akamfuata shambani.

"Kwa nini huulizi?" akamwambia.

"Niulize nini?"

"Kwa nini unalima wakati wa masomo. Wewe ni mwanafunzi. Una haki ya kufundishwa."

Kiboko akasimamisha jembe. Alimtazama Sange kwa muda, kama anatafuta mtego. Kisha akanyosha mguu wake mnene juu, polepole. "Mwalimu Korongo," akaita, "kwa nini mimi sifundishwi?"

"Umeuliza vizuri," akajibu Korongo. "Weka jembe, njoo. Viazi utamalizia baada ya vipindi."

Kiboko akakaa nyuma, paa likalalamika. Siku hiyo darasa lilitoka nje kusoma alama zilizokuwa uani, kuzunguka mahali pa chungu cha uji. Korongo akimwelekeza, Digidigi alizisoma moja moja: hii ya mama Kanga, hii ya Nyani, hii ya Bi Ngiri, alikuwa na haraka. Wakafika kwenye alama kubwa, vidole vinne, imedidimia sana, imeelekea chunguni. Zilikuwa nyingi, mpya juu ya za zamani.

Kiboko aliinama akaichunguza. Alikuwa amevutiwa kweli. "Huyu ni nani?" akauliza. "Amekuja hapa mara nyingi."

Mwalimu Korongo akainua mguu mmoja, akangoja. Watoto wakatazama vidole vyao.

"Weka mguu wako hapo," akasema Sange.

Kiboko akauweka. Ukaenea.

Na fundisho la ngano hii, wanangu, ni kwamba mtoto mwenye adabu haulizi maswali. Akiambiwa haki ni nzito, aamini, achukue jembe, alime. Asiwe na pua. Nanyi mlio wakubwa na wenye viti, chungeni sana: msikubali kamwe kuwa wanafunzi, mtakuja mkafundishwa.

Ngano imeshiba.
— Inawe mikono.
Imeacha makombo?
— Tumeyaficha mashavuni.