Nyati Aliyeshika Neno la Kobe

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na maji?
Yalikuwapo.
Yakaenda wapi?
Yakahubiriwa.

Haya wasee, sogeeni. Mwenye kazi aende kazini, sisi wengine tuna wakati.

Nchi ilikauka hadi mawe yakapasuka. Likabaki dimbwi moja tu, chini ya jabali. Juu ya jabali aliishi Pimbi, mdogo kama kiatu, na bintiye mmoja ambaye ulimi ulikuwa umeanza kumganda kaakaani. Dimbwini alikaa Nyati. Si kando ya dimbwi. Ndani.

Kila asubuhi wanyama walikuja wakapanga foleni. Kila asubuhi Nyati alisafisha koo.

"Marehemu Mwalimu Kobe alisemaje?"

"Msinywe. Heri mwenye kiu."

"Tena?"

"Msinywe. Heri mwenye kiu."

"Amina. Nendeni na heri yenu."

Wakaenda na heri yao. Nyati akainamisha kichwa, gugu, gugu, gugu. Akiulizwa mbona yeye anakunywa, alijibu kwamba anawabebea dhambi hiyo, fultaimu, bila mshahara. Na vyura wa dimbwi wakaimba: kroo, kroo, kroo.

Sasa Pimbi alikuwepo siku Kobe aliposema neno lile. Siku ile watu walikuwa wamekuja kuvua, wakamwaga utupa dimbwini, ile sumu ya majani ya kulewesha samaki. Samaki wakaelea tumbo juu, vyura wakanyamaza. Kobe akawaambia wanyama: "Msinywe. Heri mwenye kiu leo kuliko mwenye tumbo la maji haya. Mkisikia chura anaimba, kunyweni." Basi. Hilo ndilo neno zima. Nyati alilikata mkia, akabaki na kichwa.

Pimbi akateremka.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Sema upesi, niko ibadani."

"Mzee, neno la Mwalimu halikuishia pale. Siku ile maji yalikuwa na utupa. Alisema chura akiimba tunywe. Na chura si huyo?"

Kroo, kroo.

Nyati akacheka kwa pua. "Kijana, wewe umesomea wapi neno?"

"Sikusomea. Nilikuwepo."

"Ahaa. Ati alikuwepo."

Foleni nzima ikacheka. Swala, ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Sikiza, mdogo wangu," akasema Nyati. "Neno halina siku. Neno halina mtu. Neno ni neno."

"Neno ni neno," foleni ikaitikia, ikaenda zake kufa polepole.

Pimbi akapanda nyumbani.

"Baba, maji?"

"Yako njiani, mwanangu."

Hayakuwa njiani. Ukweli ulikuwa umeshafanya intavyuu, ukaambiwa utapigiwa simu.

Kesho yake Pimbi akaja mbele ya foleni, akainama hadi pua ikagusa vumbi. "Mzee Nyati, nisamehe. Nimekumbuka neno jingine la Mwalimu, kubwa kuliko lile. Alilisema juu ya jabali letu. *Jirushe. Anga litakushika, na yote uyaonayo chini yatakuwa yako.*"

Na kweli Kobe alilisema, neno kwa neno. Nyinyi nitawaambia, ila Nyati msimwambie: alikuwa akizungumza na kinda la tai lililoogopa kutoka kiotani.

Nyati akatoa kichwa majini. "Yote?"

"Yote, Mzee. Dimbwi hili, na mito ya ng'ambo usiyoiona kutoka hapo matopeni."

Nyati akapanda, kwato zikilia ko, ko, ko. Foleni ikapanda nyuma yake. Akafika ukingoni, upande wa nyuma wenye mawe makavu, akachungulia. Akarudi nyuma hatua moja.

"Pimbi," akanong'ona, "hili neno aliambiwa nani?"

Pimbi akapaza sauti. "Wazee wangu, Mzee anauliza neno hili aliambiwa nani. Tumjibu? Na lile la kiu je, nalo tuulize aliambiwa nani?"

Macho yote yakamtazama Nyati. Nyati akalitazama dimbwi, akalitazama anga. Akiuliza, dimbwi limekwenda. Asipouliza, yeye amekwenda.

"Neno halina siku," Pimbi akamkumbusha.

"Neno halina mtu," Nyati akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule koo lake lilikuwa kavu.

Akajirusha. Anga halikumshika.

Puu.

Pimbi akageuka. "Haya, twendeni tukanywe."

Hakuna aliyesogea. Swala alikuwa amepiga magoti. "Mmeona?" akasema. "Ameshikwa. Kilichoanguka ni mwili tu." Akasimama, akaenda ukingoni.

"Dada Swala, ngoja. Lile aliambiwa kinda la tai. Kinda lina mabawa."

"Pimbi, wewe mwenyewe ndiye uliyetuletea neno."

"Nilimletea Nyati."

"Neno halina mtu," akasema Swala kwa upole, kama anayemsamehe.

Puu.

Pimbi akashika mkia wa Pundamilia, akaburutwa, mkia ukamponyoka. Puu. Akamlilia Mama Twiga, aliye mrefu mno kusikia ya chini. Puu. Foleni ilikuwa na nidhamu, hakuna aliyesukuma.

Jua lilipoinama Pimbi alimbeba bintiye hadi dimbwini. Binti akanywa, gugu, gugu. Maji yalikuwa mengi, safi, baridi. Akainua kichwa.

"Baba, mbona leo hakuna foleni?"

Kroo, kroo, kroo.

"Kunywa, mwanangu," akasema Pimbi. Yeye hakuweza kumeza.

Funzo, maana ngano bila funzo haiajiriwi: mwalimu akisema, shika neno ukimbie nalo. Usiulize aliambiwa nani, lini, wala kwa nini. Maswali yanachelewesha foleni, na kule chini nafasi bado zipo.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye kiu ainywe, aliyeshiba aimwage, chungu ni changu.